Fisi wa Matairi na Mtoto wa Majivu

Kazi yangu kubwa kuliko zote haina mbele wala nyuma. Ni fremu ya mbao, ndefu kunizidi mimi mwenyewe, inayoning'inia kwa kamba ya katani katikati ya chumba ili mtazamaji aizunguke. Upande mmoja nimeuvika kaniki, ile nguo nyeusi ambayo kwetu haikosekani penye tambiko. Upande wa pili ni bafta nyeupe. Katika nguo zote mbili nimekata tundu lenye umbo la mtoto aliyejikunja, kisha nikalijaza majivu ya mafiga yaliyoshikishwa kwa gundi. Ukisimama upande wa bafta unamwona mtoto anakuja. Ukizunguka upande wa kaniki unamwona mtoto yuleyule, kwa mgongo, anaondoka.

Wazee wa Kikaguru, watu wa upande wa mama yangu, wanaeleza hivi: mtoto anapozaliwa huku kwetu, kule kwa mizimu kuna msiba. Mtu wao amewatoka. Huku vigelegele, kule kilio. Na siku mtu anapokufa huku nasi tukakaa matanga, kule wanampokea msafiri wao aliyerudi. Ndiyo maana kichanga huangaliwa kwa tahadhari kubwa katika siku zake za mwanzo. Bado hajawa wa kwetu sawasawa. Waliomwacha wanamwita, na wakimwita kwa nguvu huenda akawasikia.

Nilikuwa mdogo mama yangu mdogo alipofiwa na mwanawe wa kwanza, mtoto wa siku chache. Waombolezaji walisema maneno yanayosemwa siku zote, kwamba Mungu amempenda zaidi. Bibi yangu mzaa mama alisema kitu kingine. Alisema, "Wenzake wamemvuta. Walikuwa hawajamaliza kumlilia." Mama mdogo alinyamaza kulia, akamtazama bibi kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakubali kunywa uji. Sikuelewa wakati ule kilichotokea. Leo nadhani naelewa: bibi alimpa mwanawe picha ya mahali mtoto alipo, na ya watu walio naye. Hiyo ndiyo kazi ya kisasili. Si hadithi ya kuwalaza watoto tu, ni namna ya kukaa na jambo ambalo halina jibu.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa mwisho, Dar es Salaam. Nimekulia Kilosa mjini, si mbali na mto Mkondoa, lakini asili yetu kwa upande wa mama ni milimani, upande wa Mamboya. Kwa Wakaguru upande wa mama ndio wenye uzito: ukoo unafuata mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji asipolijua hataelewa kwa nini kazi zangu zimejaa mama, mjomba na damu.

Ninachofanya ni sanaa ya mseto. Mchoraji wa kawaida huchukua rangi na turubai. Sisi wa mseto tunaunganisha kwenye kazi moja vitu visivyozoeana: nguo, udongo, bati, karatasi, mbegu, waya, picha zilizokatwa, na rangi pia ikihitajika. Huku kwetu si jambo geni kama watu wanavyodhani. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa za baiskeli kwenye mbao za dari, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kuvipata Dar es Salaam ya wakati wake. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, aliwahamisha mashetani wa vinyago vya Kimakonde akawaleta kwenye mbao na ngozi za mbuzi, wakacheza na kucheka kwa rangi kali. Wangechi Mutu wa Kenya hukata picha za magazeti akazichanganya na wino, udongo na manyoya bandia, na mwaka 2014 alifanya maonyesho London yaliyoitwa Nguva na Nyoka, akimfuata kiumbe wa bahari anayesimuliwa pwani yetu yote. El Anatsui, Mghana aliyefundisha Nsukka nchini Nigeria, ameshona vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia makubwa ya kutandaza ukutani.

Hao wote wamenifundisha kitu kimoja: kitu chenyewe kina historia yake kabla msanii hajakigusa. Kifuniko cha chupa kinajua biashara ya pombe. Majivu yanajua jiko lililoyazaa. Kwa hiyo kisasili nikikifanyia kazi sitaki kukichora kama picha ya kitabu cha darasa la tatu, mzimu huyu hapa, fisi yule pale. Nataka kitu nilichokitumia kifanye ndani ya kazi kile ambacho hadithi inakifanya ndani ya maneno.

Darasani tukipewa zoezi la visasili, wengi wetu huleta Medusa na nyoka zake kichwani, au Zeus na radi. Siwalaumu wenzangu. Wagiriki wana vitabu, sanamu na filamu. Sura zao zimeshatengenezwa, unazikuta tayari. Mizimu ya Ukaguru haina sura iliyokubalika. Hakuna sanamu yake kwenye makumbusho ambayo naweza kuinakili. Mwanzoni wengine huona huu kama upungufu. Mimi naona ni uhuru mkubwa, kwa sababu unanilazimisha niache kutafuta sura na nianze kutafuta kitu: kitu gani kinanuka kuzimu? Kitu gani kina uzito wa mtoto wa siku tatu?

Sehemu kubwa ya niliyojua niliipata kwa bibi. Sehemu nyingine niliikuta mahali nisipotarajia, maktaba, katika vitabu vya Kiingereza vya Thomas Beidelman, Mmarekani aliyefika Ukaguru kufanya utafiti mwaka 1957, akaandika juu ya Wakaguru kwa miongo kadhaa. Kitabu chake cha mwaka 1986 kinahusu namna Wakaguru wanavyofikiri juu ya wema na ubaya kupitia hadithi, desturi na hata mpangilio wa nyumba. Nilikisoma kwa shida, kamusi pembeni. Humo nilikuta habari ya msiba wa mizimu. Nilikuta mkono wa kulia na wa kushoto, mtani na kazi yake msibani, sungura na fisi. Mambo ya bibi yangu yalikuwa yamekaa kwenye rafu za vyuo vya ng'ambo tangu kabla sijazaliwa, na mimi mjukuu nilihitaji Kiingereza ili niyafikie.

Nikampelekea bibi kitabu hicho. Nilikuwa nasoma, namfasiria, naye anakubali, au anasema, "Hapo ni watu wa bondeni, sisi tunasema vingine." Tulipofika kwenye mambo ya jando na unyago akainua mkono. "Hapo funga. Hayo aliambiwa mgeni kwa sababu mgeni ataondoka. Wewe huondoki."

Maneno hayo yamekuwa sheria ya kazi zangu zote.

Kabla sijachukua hata kijiko cha majivu kwenye mafiga yake, bibi alinituma kwanza kwa mjomba. Mafiga ni ya mwanamke wa nyumba, lakini kilichokuwa kinaombwa ni cha ukoo. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Utaiuza?" Nikamwambia ile ya mtoto haiuzwi. Akasema basi chukua, na ukimaliza tuione sisi kabla ya watu wa mjini.

Sasa nieleze kazi nyingine, ndogo kuliko ile, ambayo kwangu ndiyo iliyonifungua macho kuhusu ufundi wenyewe. Inaitwa Damu na Mfupa. Wakaguru husema mtu anapata damu yake kwa mama na mifupa yake kwa baba. Damu ndiyo ukoo. Inatiririka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwako. Mfupa ni wa baba, na baba siku zote ametoka ukoo mwingine. Ni mtu wa nje aliyeingia ndani akakusimamisha.

Kwa damu nilichukua udongo mwekundu wa milimani. Niliutwanga, nikauchekecha kwa chekeche la unga, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mafundi seremala na maji, nikaupaka mzito juu ya plaiwudi. Kila mtu aliyewahi kukandika nyumba anajua kinachofuata. Ukikauka unapasuka. Udongo wa mfinyanzi ukipoteza maji husinyaa, na kwa kuwa ubao ulio chini yake hausinyai pamoja nao, hupasuka vipande vipande na kuanza kubanduka. Mafundi wa nyumba za miti hutia majani makavu kwenye tope lao kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nilitia singa za mkonge kutoka Kimamba. Singa ni zile nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye korona, mashine inayoponda jani la mkonge na kuliacha nyuzi tupu, kabla hazijapigwa brashi na kufungwa robota. Nilizikata urefu wa kidole, nikazikanda ndani ya udongo. Ulipokauka, ulishikamana. Nyufa zilibaki nyembamba kama nywele. Sehemu moja ya ubao, upande wa chini, niliiacha bila singa kwa makusudi, na hapo udongo umechanika vibaya. Mtazamaji haambiwi kitu. Anaona mwenyewe kwamba damu bila mfupa haisimami, na akiinama akatazama kwa karibu anaziona nyuzi nyeupe zinazoishikilia.

Mwalimu wangu mmoja aliniuliza kwa nini mkonge, wakati wahenga wa Ukaguru hawakuujua. Ni kweli hawakuujua. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea mpaka kwetu, Kimamba na Rudewa, yakavuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi, hadi Tanganyika ikawa inaongoza duniani kwa zao hilo. Wengi wa manamba hao walioa Kilosa na kuzaa Kilosa. Baba yangu mzazi ni mtoto wa mmoja wao. Mkonge ni mgeni aliyeingia akatusimamisha, na hiyo ndiyo maana halisi ya mfupa wa baba. Sikuona kitu kingine ambacho kingeweza kukaa mahali pale.

Kisha kuna fisi.

Ngano yake inajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ila bibi anaisimulia Kikaguru, na Kikaguru chake kinaigeuza. Kulikuwa na njaa kubwa. Fisi na Sungura wakakubaliana wawauze mama zao ili wapate chakula. Kwa bibi, Fisi ni mjomba na Sungura ni mpwa wake. Sungura akamfunga mama yake kwa kamba dhaifu, wakiwa njiani mama akaikata, akakimbilia mafichoni. Fisi akamfunga mama yake kwa kamba imara, akamfikisha sokoni, akamuuza, akala. Chakula kikaisha. Sungura akawa anakwenda kwa siri kula kwa mama yake, na Fisi akabaki anazunguka usiku, ananusa, anauliza.

Mtu wa jamii inayofuata ukoo wa baba akisikia hadithi hiyo husikia ujanja wa Sungura. Mkaguru husikia jambo la kutisha zaidi. Fisi ni mjomba, mlinzi wa dada zake na wapwa zake. Amemuuza mama, maana yake ameuza shina la ukoo wake wote, na tangu siku hiyo hana kwao. Njaa yake haishibi kwa sababu si njaa ya tumbo.

Nilitaka fisi huyo awe wa Mikumi. Kutoka Kilosa unapita Ulaya (ndiyo, kata moja ya kwetu inaitwa hivyo) unatokea Mikumi, mji uliopewa jina la mivumo mirefu iitwayo mikumi, uliokaa kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara hiyo inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Malori yanapita mchana na usiku. Kuna vibao vya mwendo, kuna matuta, kuna faini kwa anayegonga mnyama, na bado wanyama wanagongwa. Fisi anakuja usiku kufuata mzoga wa swala aliyegongwa, naye anagongwa palepale. Hadithi ya bibi inaendelea kutokea kwenye lami.

Watu hunishauri nitumie mfupa halisi au ngozi halisi ili kazi iwe na nguvu. Haiwezekani, na ni vizuri msomaji ajue kwa nini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu sehemu yoyote ya mnyamapori kuwa nyara ya Serikali: mfupa, jino, ngozi, kwato, unyoya, hata yai. Kuwa nacho bila kibali ni kosa, hata kama umekiokota kando ya barabara kikiwa kikavu. Wanafunzi wenzangu wanaopenda kupachika manyoya ya ndege wa porini kwenye kazi zao walijue hilo kabla hawajajikuta mahakamani.

Jibu lilikuwa limelala barabarani lenyewe. Tairi la lori likipasuka huacha vipande virefu vyeusi vilivyopinda, na ukiviona kwa mbali jioni unaweza kuapa ni mnyama. Pale Mikumi mjini kuna fundi wa katambuga anayevikusanya, na kwake nilinunua. Alinifundisha kuvikata: kisu kikali, na maji ya sabuni yanayomwagwa taratibu ili mpira usikibane. Ndani ya tairi kuna waya za chuma nyembamba sana zinazotokeza kama miiba na kuchana vidole. Sikuzikata. Ndizo zilizokuwa manyoya ya mgongo, yale yanayosimama fisi akiogopa. Mifupa ni nondo, iliyochomelewa na kijana aliyesomea uchomeleaji VETA palepale Mikumi. Yeye ndiye aliyesema mabega yawe juu na kiuno kiwe chini zaidi, kwa kuwa amewaona fisi mara nyingi kuliko mimi. Alikuwa sahihi. Harufu ya mpira haikuisha, na sikujaribu kuiondoa. Chumba chenye fisi lazima kinuke.

Shingoni nimemfunga kamba ya katani. Ncha ya pili ya kamba iko chini, mbele yake, imefungwa kitanzi kikubwa, na ndani ya kitanzi hamna kitu. Siku tulipomsimamisha nje ya karakana kusubiri gari la kumchukua, dereva mmoja wa lori alikuja akamzunguka polepole, akainama kwenye kitanzi, akauliza, "Na mama yake yuko wapi?" Sikuwa nimemsimulia chochote.

Si visasili vyote vya Kilosa ni vya kale. Kimoja kilizaliwa Msovero, tarehe 29 Novemba 1884, pale Mjerumani Carl Peters alipomwekea chifu Mangungo mbele hati iliyoandikwa Kijerumani, mkalimani akiwa Ramazan, inayosema kwamba Mangungo ametoa nchi yake yote. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm I alizitumia hati za namna hiyo kutangaza ulinzi wa Ujerumani juu ya nchi zetu. Hayo ni ya historia. Kisasili ni kile tulichokifanya baadaye na jina la Mangungo: kila mkataba mbaya unaitwa wa Kimangungo, na mzee wa Msovero amegeuka alama ya ujinga. Nachukia jambo hili kwa dhati. Mtu aliyekaribisha mgeni kwa urafiki, akasomewa karatasi asiyoweza kuisoma, hakuwa mjinga, alidanganywa. Nimeshona karatasi za madaftari ya historia ya wanafunzi wa sekondari, kila moja ikiwa na maelezo ya mkataba huo kwa mwandiko wa mtoto tofauti, nikazichovya kwenye chai mpaka zikawa na rangi ya hati ya zamani. Mahali pa sahihi nimekata tundu. Ni kazi rahisi, pengine rahisi mno, lakini watu wa Kilosa husimama mbele yake zaidi kuliko nyingine zote, wakitafuta mwandiko wanaoujua.

Yapo niliyokataa kuyafanya, na nadhani msanii ajulikane kwa hayo pia. Sikutengeneza mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu na nywele zilizochongwa kwa matuta mawili, ambacho wali wa Kizaramo, Kikwere, Kiluguru na majirani zao walikuwa wakikitunza wakiwa ndani. Vimejaa kwenye makumbusho na makusanyo ya Ulaya na Marekani, ni vizuri kupita kiasi, na kila mtu huniambia vingependeza kwenye kazi yangu. Lakini ni vya chumbani, na mlango ule bibi aliniambia niufunge.

Sikutengeneza wachawi, ingawa masimulizi yetu yana wachawi wa ajabu, wanaokwenda kichwa chini miguu juu na kufanya kila kitu kinyume. Kwa macho ya mchoraji hakuna sura inayovutia zaidi. Lakini katika nchi hii kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu na jirani mwenye hofu, na sheria ya uchawi tuliyorithi tangu mwaka 1928 haijawaondolea watu hofu hiyo. Sitaongeza hata picha moja upande ule.

Kolelo naye sijamgusa bado. Huyo ni wa Uluguru, nyoka mkubwa wa pangoni ambaye watu wa milima ile na Wazaramo wa pwani walimwendea kuomba mvua na mavuno. Kwa mtoto wa Kilosa aliyeona Mkondoa ukivunja kingo zake wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema na reli ikasombwa hata treni zikasimama kwa miezi, nyoka mwenye mamlaka juu ya maji si jambo la mbali. Tope la mto ule ninalo, limekauka kwenye debe. Lakini Kolelo ana ukoo wake unaomtunza. Nitakwenda kwanza kuuliza.

Kama nilivyomwahidi mjomba, kazi zilionyeshwa Mamboya kabla ya kwenda popote, chini ya mwembe, fremu ya mtoto ikining'inia kwenye tawi. Mwinjilisti mmoja aliniuliza waziwazi kama nimerudisha ibada ya mizimu. Ni swali la haki. Huko Waanglikana wamekuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na bibi yangu mwenyewe ni mama wa kanisa. Nilimjibu kwamba sijamwomba mtu yeyote apige magoti. Nimeonyesha watu wetu walivyofikiri juu ya kifo cha mtoto, na hakuna kanisa wala msikiti ambao haujawahi kuzika mtoto. Mama mdogo alikuja pia. Aliizunguka fremu, akasimama zaidi upande wa bafta, kisha akaenda kuwasaidia wenzake kupakua wali. Hakuniambia neno, nami sikumuuliza.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa. Inatoboa milima yetu kwa mahandaki, inasimama stesheni mpya yenye kuta ndefu nyeupe, inaondoka. Maelfu ya abiria wanashuka na kupanda pale bila kujua wamo katika nchi ya nani. Ombi langu kwa Shirika la Reli ni dogo: wape wasanii wa Kilosa ukuta mmoja. Na kwako msomaji mwenye bibi au mjomba Kilosa, Gairo, Mvomero au kokote kule, nenda ukaulize angali yupo. Andika jina lake kama atakubali, umuulize pia kipi kisitoke nje, ukiheshimu. Fisi anauzwa, na hati ya Msovero inatafuta shule ya kuitundika. Mtoto wa majivu amerudi Mamboya kwa mjomba, na anayetaka kumwona amfuate huko.